Jinsi ya Kutafsiri Neno "Sound" kwa Kiswahili: Mwongozo Kamili kwa Walimu, Watangazaji na Wafasiri wa Uganda

Kosa hili linajirudia mno. Liko kwenye matangazo ya redio, barua za kanisa, mitihani ya majaribio, wosia na vipeperushi vya afya. Popote Kiingereza kilipoandika "sound", Kiswahili kinawekwa "sauti", basi. Ndiyo maana tunasoma "sauti ya bunduki", "unasikika umechoka", na mbaya zaidi, "akili ya sauti" au "msingi wenye sauti". Msomaji wa Arua, Busia au Kisenyi anakwama katikati ya sentensi, anairudia, kisha anaomba aonyeshwe ile ya Kiingereza ndipo aelewe. Hapo tafsiri haijamsaidia kitu.

Wanaokosea si wavivu. Kamusi ndogo za mfukoni zinaandika neno moja mbele ya jingine na kuishia hapo. Tena wengi wetu tumekulia katika lugha ambazo neno moja linabeba mzigo mkubwa. Mganda akisema "eddoboozi" anaweza kumaanisha sauti ya mtu, na pia sauti ya vitu vingine. Akihamia kwenye Kiswahili, anaikabidhi "sauti" kazi yote hiyo. Kiswahili hakijazoea hivyo. Chenyewe huanza na chanzo: nani kalia, nini kimeanguka, kitu gani kinavuma. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imeisha.

## Unachohitaji

- Andiko lote la Kiingereza. Sentensi moja iliyokatwa haitoshi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa orodha ya maneno, lakini ni ile ya kwanza inayokueleza neno linakaa wapi.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye mifano ya matumizi.
- Penseli na daftari.
- Mtu mmoja anayetumia Kiswahili kutwa nzima: dereva wa lori la Malaba, mfanyabiashara wa mpakani, askari mstaafu, mama wa Kiswahili aliyeolewa Kampala. Huyu ni muhimu kuliko kamusi zote mbili, na utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Soma andiko lote, kisha zungushia kila "sound"

Usianze kutafsiri. Soma kwanza hadi mwisho, halafu rudi na penseli uzungushie kila mahali neno hilo lilipo. Zungushia na jamaa zake: "sounds", "sounded", "soundly", "unsound", "soundproof", "ultrasound".

Sababu ni kwamba ukurasa mmoja unaweza kulitumia neno hili kwa maana tatu tofauti. Ukitafsiri sentensi baada ya sentensi, maana ya kwanza itakuganda kichwani na utaiburuta hadi ya mwisho.

Tahadhari: usiruke "soundly" na "unsound" kwa kudhani ni maneno mengine. Hayo ndiyo yanayoleta aibu kubwa.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye miduara, na hujaandika hata neno moja la Kiswahili.

## Hatua ya 2: Litie kila neno kwenye fungu lake

Kamusi nzuri ya Kiingereza haina "sound" moja. Ina nne, kila moja na kichwa chake, kwa sababu ni maneno manne yenye asili tofauti yaliyokutana kwenye tahajia moja. La kusikika linatokana na Kilatini. La uzima lilikuwa la Kiingereza cha kale, na Wajerumani hadi leo wanasema "gesund" kwa mtu mwenye afya. La bahari limetoka kwa watu wa Skandinavia. La kupima kina limepitia Ufaransa.

Kwa hiyo andika namba pembeni ya kila duara:

1. Kinachosikika kwa sikio.
2. Uzima, uimara, usahihi, ukamilifu.
3. Mkono wa bahari kati ya nchi kavu mbili.
4. Kupima kina cha maji.

Swali la kujiuliza ni moja tu: je, sikio linahusika hapa? Kama jibu ni hapana, "sauti" haina nafasi. Ifute akilini kabla hujaendelea.

Kwa zile za namba 1, ongeza herufi: J kama neno ni jina, T kama ni kitenzi. Njia zao ni tofauti, na hatua zinazofuata zinategemea herufi hizo.

## Hatua ya 3: Kwa jina la namba 1, tafuta chanzo

Kaa hapa. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, na ndipo wafasiri wetu wanapouacha mezani.

Jiulize nini kimetoa sauti hiyo, kisha chagua.

### Sauti

Hili ni neno la mtu kwanza. Sauti ya mama, sauti ya mhubiri, sauti nene, sauti nyembamba, sauti nyororo, sauti ya kukwaruza. Mwimbaji ana sauti. Aliyepiga kelele uwanjani jana, leo sauti imemkauka.

Pia ni neno la sayansi na la isimu, na huko libaki lilivyo. Mwalimu wa fizikia aseme mawimbi ya sauti na kasi ya sauti, ambayo hewani kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi ni mita 343 hivi kwa sekunde. Aseme sikio la binadamu husikia sauti za kati ya hezi 20 na hezi 20,000. Mwalimu wa lugha aseme sauti za irabu na sauti za konsonanti. Anayekimbia "sauti" hata darasani kwa kuogopa kukosea atakosea upande wa pili.

### Mlio

Mnyama, ndege, chombo, mashine, silaha: vyote hivi vina mlio. Mlio wa simu, mlio wa kengele, mlio wa risasi, mlio wa korongo asubuhi kwenye bwawa. Ukiwa na shaka na chanzo si mtu, "mlio" litakuokoa mara nyingi kuliko "sauti".

Wanyama wengine wana vitenzi vyao, na kitenzi kinapendeza kuliko jina. Jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, kuku hutetea, nyuki huvuma. Ukiandika "sauti ya jogoo iliniamsha" utaeleweka, lakini mtu aliyezaliwa na lugha atasema tu, "Jogoo aliponiwikia, niliamka," au "Niliamka jogoo wakiwika."

### Kelele

Sauti nyingi, zisizotakiwa, zinazosumbua. Hili ndilo la "noise", na "makelele" ni yale yaliyopita kiasi. Taarifa zinazohusu baa, viwanda na nyumba za ibada zinazosumbua majirani usiku, ambazo Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hushughulikia kwa viwango vya desibeli, zitumie "kelele". Ukiandika "sauti zimezidi" unapunguza uzito wa malalamiko.

Angalia hukumu iliyomo ndani ya neno. Kwaya ikiimba vizuri, hiyo si kelele hata ikitikisa madirisha. Kuiita kelele ni kuitukana.

### Kishindo na mshindo

Kitu kizito kikigonga kingine: gunia la mahindi likitupwa chini, mti ukianguka, miguu ya mtu mwenye hasira sakafuni. Hicho ni kishindo. Mshindo ni mlio mkubwa wa ghafla wa kulipuka au wa kugonga, na wengi huusema pia kwa ngoma. Kwa mapigo yake yanayorudiarudia, ngoma ina mdundo.

### Ngurumo, muungurumo, mvumo

Radi ina ngurumo, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunazijua ngurumo vizuri. Injini ya lori ikipanda mlima ina muungurumo. Mvumo ni wa chini zaidi, mrefu, usiokatika: upepo, nyuki, umati wa watu ukisikika kwa mbali, ngoma za kijiji cha pili usiku.

### Sauti ndogondogo

Mnong'ono ni wa midomo. Mluzi au mbinja ni wa anayepuliza kwa midomo. Mchakacho ni wa majani makavu yanapokanyagwa. Anayetafsiri hadithi za watoto asilisahau neno hili. Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta au mlima.

### Sauti za watu wengi

Vigelegele kwa furaha, vifijo na nderemo kwa sherehe, yowe kwa anayeomba msaada. Kiingereza kinaweza kuandika "sounds of celebration" kwa yote. Kwenye harusi ya Kiganda au ya Waswahili, andika vigelegele. Msomaji ataiona harusi yenyewe.

Ukitaka kujipima, simama kwenye kituo cha zamani cha teksi cha Kampala (Old Taxi Park) saa 11 jioni na uandike unachosikia bila kutumia neno "sauti". Honi zinalia. Makonda wananadi safari za Ntinda na Mukono. Injini zinanguruma. Mwenye duka la muziki ameachia midundo inayotetemesha vioo. Muuza maji anapita akiita wateja. Juu ya paa ndege waitwao marabu wanagonganisha midomo. Kila kimoja kimepata neno lake, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Visawe vya Kiingereza navyo vinafuata mkondo huohuo:

- "Noise", "din", "racket": kelele, makelele, zogo.
- "Ring", "chime": mlio.
- "Bang", "boom": mshindo.
- "Thud", "thump": kishindo.
- "Rumble", "roar": ngurumo, muungurumo.
- "Hum", "drone": mvumo.
- "Rustle": mchakacho.
- "Echo": mwangwi.
- "Tone": toni kwenye muziki. Kwenye barua au mazungumzo ni namna mtu anavyosema, kwa hiyo "the tone of his letter" ni "jinsi barua yake ilivyoandikwa", na kama ilikuwa kali, sema ilikuwa kali.

Umefaulu katika hatua hii kama unaweza kufunika Kiingereza, ukasoma neno ulilochagua, na ukajua nini kimelia bila kuambiwa.

## Hatua ya 4: Jaribu kuliondoa jina kabisa

Hii ndiyo hatua inayotenganisha tafsiri inayoeleweka na tafsiri inayosomeka. Kiingereza kinapenda kujenga jina: "the sound of rain", "the sound of footsteps". Kiswahili kinapenda kitendo chenyewe.

"She heard the sound of rain on the roof" haihitaji mlio wala sauti. Alisikia mvua ikipiga mabati. Yatosha.

"The sound of footsteps" ni vishindo vya miguu kama mtu anatembea kwa uzito. Kama hadithi inataka tu kusema kuna mtu anakuja, andika: alisikia mtu akija.

Chukua mfano wa waongoza watalii. Kwenye Maporomoko ya Murchison, Mto Nile unajipenyeza kwenye upenyo wa mita 7 hivi, kisha unaanguka mita 43 hivi. Kipeperushi cha Kiingereza kinaweza kusema utasikia "the sound of the falls" kabla hujayaona. Wafasiri wengi wataandika "sauti ya maporomoko". Soma hii: "Utayasikia maporomoko yakinguruma kabla hujayaona." Maji yale yamebanwa, yananguruma kwelikweli, na kitenzi kimempa msomaji nguvu ya mto.

Kwa hadithi na ushairi, Kiswahili kina silaha nyingine: tanakali za sauti. Jiwe likatumbukia majini chubwi. Mzigo ukaanguka pu. Mtoto akaanguka mchangani tifu. Darasa likanyamaza jii. Mahali Kiingereza kinahitaji maneno sita, hapa silabi moja au mbili zinamaliza kazi.

Tahadhari: tanakali haziingii kwenye ripoti ya polisi, taarifa ya mahakama wala barua ya wizara. Huko rudi kwenye mshindo na mlio.

## Hatua ya 5: Kwa kitenzi cha namba 1, jua nani anapiga na nini kinalia

"Sound" ikiwa kitenzi, Kiingereza hutumia neno lilelile kwa mtu na kwa chombo. Kiswahili kinawatenganisha. Mtu hupiga, chombo hulia. Dereva anapiga honi, honi inalia. Mlinzi anapiga kengele, kengele inalia. Vyombo vya pumzi hupulizwa: filimbi, tarumbeta, baragumu. Methali yetu imeshika upande wa chombo: la mgambo likilia, lina jambo.

Kiganda kina kitenzi chake, "okuvuga", ambacho kwa chombo cha muziki ni kulia, na kwa gari ni kuendesha. Ukifikiri kwa Kiganda ukiandika Kiswahili, utajikuta unatafuta kitenzi kimoja. Kipo, na ni "lia".

"Sound the alarm" inataka uangalifu. Kama kuna king'ora kweli, kinapigwa au kinawashwa, nacho kinalia. Kama ni kijiji cha Buganda na ngoma ya hatari inaita watu watoke, iite kwa jina lake, gwanga mujje, useme imepigwa. Msomaji wa Uganda hahitaji zaidi. Kama ni lugha ya kitamathali, mfano madaktari wametahadharisha juu ya ugonjwa, basi wametoa tahadhari au wamepiga mbiu. Hakuna king'ora kilicholia, usikitie.

Walimu wa darasa la kwanza wanauliza sana kuhusu "sound out the word". Maana yake ni kulisoma neno kipande kwa kipande. Mwambie mtoto: "Lisome silabi kwa silabi." Kiswahili kinasomeka hivyohivyo kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto ataelewa mara moja.

"Sound someone out" ni jambo jingine: kumpima mtu mawazo kabla hujamweleza nia yako. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuwapima wazee mawazo kabla ya kuitisha mkutano.

## Hatua ya 6: "You sound", "it sounds": usiguse "sikika" ovyo

Hapa kuna hatari ya kweli, kwa sababu sentensi inayotoka ni ya Kiswahili safi, ila inasema kitu kingine.

"Unasikika vizuri" kwa Mswahili maana yake simu haina matatizo, nakupata. Kwa hiyo ukitafsiri "you sound well" kwa maneno hayo, aliyetoka hospitali atadhani unazungumzia mtandao. Sema: "Naona umepata nafuu."

Kiingereza kinasema mtu "sounds" hivi au vile kwa sababu msemaji anakisia kutokana na alichosikia. Kiswahili kinasema makisio yenyewe, kwa "naona", "kama", "mbona", "yaelekea", "inaonekana".

- "You sound tired": "Mbona kama umechoka?" Kwa simu unaweza kusema, "Sauti yako ya uchovu."
- "That sounds good": "Wazo zuri hilo," au "Sawa kabisa," au "Naona inafaa."
- "It sounds like he is lying": "Yaelekea anadanganya."
- "That sounds familiar": "Hilo si geni masikioni mwangu."
- "It sounds expensive": "Hiyo lazima itakuwa ghali."

Katika mifano yote hiyo "sikika" haimo, na "sauti" imejitokeza mara moja tu, pale ambapo sauti ya mtu ndiyo hasa inayozungumzwa.

Umefaulu ukiweza kuisema sentensi yako kwa mtu barabarani naye akakujibu, bila kukuuliza ulitaka kusema nini.

## Hatua ya 7: Namba 2, ya uzima na uimara

Fungu hili ndilo linaloweza kuharibu nyaraka za watu, na naomba ulichukulie kwa uzito. Sheria ya mirathi ya Uganda inataka anayeandika wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Wosia wa Kiingereza huanza na maneno "being of sound mind". Kiswahili chake ni "nikiwa na akili timamu", hakuna kingine. Ukiandika "akili yenye sauti", umeivuruga sentensi ya kwanza ya waraka ambao familia itausoma ikiwa kwenye msiba, na pengine ikiwa na ugomvi tayari. Kinyume chake, "of unsound mind", ni "asiye na akili timamu". Usiandike "mwendawazimu" kwenye waraka rasmi. Ni neno zito na linamvunjia mtu heshima.

Mengine ya fungu hili hubadilika kulingana na kinachoelezwa:

- Jengo, daraja, msingi: imara, madhubuti.
- Mbao, matunda, mbegu: nzima, yaani hazijaoza wala kuliwa na wadudu.
- Afya: njema, mtu yu buheri wa afya.
- Ushauri, uamuzi: wa busara.
- Hoja: yenye mashiko.
- Ushahidi: madhubuti.
- Benki au kampuni: imara kifedha.
- Kutoka safarini, "safe and sound": salama salimini.
- Usingizi, "sound asleep": kulala fofofo, au kulala usingizi wa pono.
- Kwenye mpira, "soundly beaten": kufungwa vibaya.

Kujipima ni rahisi. Weka "imara", "zima" au "timamu" mahali pa neno. Moja litakaa. Kama hakuna linalokaa, rudi kwenye kamusi ya Kiingereza, maana huenda fungu ulilochagua silo.

Neno "ultrasound" liko namba 1, si hapa. Ni mawimbi ya sauti yenye masafa yanayozidi hezi 20,000, sikio haliyapati. Kipeperushi cha wajawazito kieleze mara moja kwamba ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kumwona mtoto tumboni, kisha kiendelee na "skani", neno ambalo mama huyo atalisikia kliniki. Hapo usikazanie usafi wa lugha. Mama anatakiwa ajue aende chumba gani.

## Hatua ya 8: Namba 3 na 4

Utakutana nazo kwa nadra, hasa kwenye jiografia. Kama ni maji membamba kati ya nchi mbili, kama Øresund kati ya Denmark na Sweden, andika mlangobahari. Jina maalumu la mahali, kama Long Island Sound au Milford Sound, liache lilivyo. Ukilitafsiri mwanafunzi hatalipata kwenye ramani.

Kupima kina ni "kupima kina cha maji". Mabaharia wa pwani wana neno lao la timazi ya kupimia kina, bildi, na linafaa kwenye hadithi za majahazi. Kwa wavuvi wa Ggaba au Kasenyi, sema walipima kina.

## Hatua ya 9: Kagua ngeli

Neno sahihi lenye upatanisho mbovu bado ni kosa, na sisi Uganda tunajulikana kwa hili. Pitia upya:

- Mlio, milio: mlio huu ulisikika, milio hii ilisikika. Mdundo, mshindo, mvumo na muungurumo hufuata hivyo.
- Kishindo, vishindo: kishindo hiki kilisikika, vishindo hivi vilisikika.
- Sauti: sauti hii ilisikika, sauti hizi zilisikika. Ngurumo vilevile.
- Kelele: kelele hizi zinasumbua. Makelele: makelele haya yanasumbua.
- Mwangwi: mwangwi huo ulirudi.

Angalia pia tofauti ya "kusikia" na "kusikika". Mimi nilisikia mlio, mlio ulisikika. Kiswahili kinasikia na harufu, njaa na baridi, kwa hiyo usishangae ukikuta mtu "anasikia harufu" kwenye andiko zuri.

## Hatua ya 10: Msomee mtu

Sasa mtafute yule mtu wa kwenye orodha ya vifaa. Ficha Kiingereza. Msomee Kiswahili chako kwa mwendo wa kawaida, kisha umwombe akueleze kimetokea nini. Usimuulize kama Kiswahili ni kizuri, kwa sababu kwa adabu atakuambia ni kizuri.

Sikiliza anapobadilisha neno lako bila kujua. Ukisema "sauti ya bunduki" naye akisimulia "wakasikia mlio wa bunduki", amekusahihisha. Andika alivyosema.

## Mfano mmoja mzima

Hiki ni kipande kifupi cha Kiingereza cha kufanyia mazoezi:

"The sound of the rain on the iron sheets did not wake Nakato. She was sound asleep. What woke her was another sound, at the gate. 'Who is it?' she asked aloud. 'You sound afraid,' said her aunt. 'It is only us. We have come from Jinja, safe and sound.'"

Ukiweka namba: 1 jina, 2, 1 jina, 1 kitenzi, 2. Tafsiri ya haraka ingekuwa na "sauti ya mvua", "usingizi wa sauti", "sauti nyingine", "unasikika mwoga". Tafsiri iliyopitia hatua zote ni hii:

"Mvua ilipiga mabati, Nakato asishtuke. Alikuwa amelala fofofo. Kilichomwamsha ni lango kugongwa. 'Nani?' akauliza kwa sauti. 'Mbona kama una hofu?' shangazi yake akamjibu. 'Ni sisi tu. Tumetoka Jinja, tumefika salama salimini.'"

"Sauti" imebaki mara moja, na haikutoka kwenye "sound" hata moja; imetoka kwenye "aloud". Lango kugongwa ni uamuzi wangu. Kiingereza hakikusema mlio wa langoni ulikuwa wa namna gani, lakini wageni wamesimama hapo usiku wa mvua, na mtu akifika langoni usiku hugonga. Kama aya inayofuata ingesema mbwa alibweka, ningebadilisha. Ndiyo maana hatua ya kwanza inakutaka usome andiko lote.

## Ukikwama bado

Ukibaki na shaka kati ya mlio na kelele, jiulize kama anayesikia anachukizwa. Akichukizwa, ni kelele.

Ukibaki na shaka kati ya kishindo na mshindo, tazama kama kuna uzito uliogonga chini. Ukiwepo, ni kishindo.

Ukitumia programu ya kutafsiri kwenye simu, ipe sentensi nzima, kamwe usiipe neno peke yake, kisha tafuta kila "sauti" na "sikika" kwenye jibu lake na uipitishe hatua ya 2. Nyaraka za mahakama, za hospitali na za benki zipitie kwa mkono, neno kwa neno, hata kama jibu la programu linaonekana zuri.